Mkono Mmoja Haulei Mwana: Tathmini ya Nadharia ya Mwambatano katika Uhakiki wa Mapenzi

Ikisiri

Makala haya yanatathmini nadharia ya mwambatano, ambayo katika saikolojia hueleza mapenzi ya watu wazima kwa kuyarejesha kwenye uhusiano wa mtoto mchanga na mlezi wake. Hoja inayotetewa ni kwamba nadharia hii ina manufaa kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini dhana ya mlezi mmoja iliyo katika kiini chake haifai kupokelewa bila kuhojiwa. Ushahidi unaotumiwa ni wa aina tatu: kima wa msitu wa Isecheno huko Kakamega, watoto wa Uganda na wa magharibi mwa Kenya, na wahusika wa riwaya mbili, yaani Rosa Mistika na Utengano.

1.0 Utangulizi

Msomi anayetaka kueleza mapenzi ya wahusika kwa jicho la saikolojia aghalabu huanza na Freud. Hata hivyo, katika miongo ya karibuni nadharia nyingine imejipenyeza katika tasnifu za uzamili, na imeingia kwa wepesi kwa kuwa lugha yake ni nyepesi. Nayo ni nadharia ya mwambatano. Mhusika anayeng'ang'ania mpenzi huitwa mwenye mwambatano wa wasiwasi. Anayekimbia mapenzi huitwa mwenye mwambatano wa kukwepa. Na anayependa kwa utulivu husemwa kuwa na mwambatano salama. Kisha chanzo hutafutwa utotoni, na utotoni hutafutwa mama. Mara nyingi uhakiki hukomea hapo.

Jambo linalozusha mashaka ni kwamba hukumu hii hutolewa kabla ya nadharia yenyewe kuulizwa imetoka wapi. Nadharia ya mwambatano ilijengwa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni tumbili: waasisi wake waliamini kwamba tabia ya wanyama wa jamii hiyo hufichua asili ya binadamu. La pili ni mtoto mchanga, na mtoto wa kwanza kuchunguzwa kwa makini alikuwa mtoto wa Kiganda. La tatu ni msomaji wa gazeti nchini Marekani, ambaye majibu yake yaliihamisha nadharia kutoka utotoni hadi katika mapenzi ya watu wazima. Kati ya mafiga hayo, mawili yanaweza kukaguliwa Afrika Mashariki, na ukaguzi wa figa la kwanza unaanzia Isecheno. Makala haya yanakagua kila moja kwa zamu, kisha yanarejea kwenye riwaya, ambako ndiko mhakiki anakowajibika.

2.0 Nadharia kwa Muhtasari

Mwasisi wa nadharia hii ni daktari Mwingereza, John Bowlby, aliyeieleza kwa kina katika juzuu tatu zilizotoka mwaka 1969, 1973 na 1980. Kwa mujibu wa Bowlby, mtoto haambatani na mama kwa sababu ya maziwa peke yake. Ana hitaji la kuzaliwa nalo la kuwa karibu na mtu anayemlinda, na hitaji hilo lina umuhimu kama ule wa njaa. Kutokana na jinsi mlezi anavyomwitikia, mtoto hujijengea taswira mbili: taswira yake mwenyewe kama mtu anayestahili kupendwa au asiyestahili, na taswira ya wengine kama watu wa kutegemewa au wa kuogopwa. Taswira hizo ndizo atakazozibeba ukubwani.

Bowlby alikiri kwamba mtoto anaweza kuambatana na watu kadhaa. Hata hivyo, alishikilia kwamba mtoto huelekea kumteua mmoja awe mkuu, na wengine huwa wasaidizi. Dai hilo ni dogo kwa sura, lakini uzito wote wa nadharia umewekwa juu yake. Nadharia ilipohamishiwa katika mapenzi, nafasi ya yule mmoja ilichukuliwa na mpenzi.

3.0 Figa la Kwanza: Tumbili wa Maabara na Kima wa Isecheno

Mwaka 1958 Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichapisha makala yenye kichwa kinachodai makubwa, kwamba yanahusu asili ya mapenzi. Watafitiwa wake walikuwa vitoto vya tumbili wa Asia aitwaye resasi, vilivyotenganishwa na mama zao mara tu baada ya kuzaliwa. Katika vizimba viliwekewa sanamu mbili: moja ya waya na nyingine iliyovikwa kitambaa. Vitoto viliing'ang'ania sanamu ya kitambaa hata pale maziwa yalipotoka kwenye ile ya waya. Huko Cambridge, Robert Hinde naye alichunguza resasi waliofugwa, na Bowlby alijifunza mengi kutoka kwake.

Majaribio hayo yalithibitisha jambo la maana: faraja ya mguso haiwezi kupunguzwa hadi kuwa chakula. Lakini uteuzi wa mnyama haukuwa wa bahati njema. Mama wa resasi ni mchoyo wa mtoto wake. Hawaachii wengine wambebe kwa urahisi katika siku za mwanzo. Anayetafuta asili ya mapenzi kwa mnyama huyo ataukuta uhusiano wa wawili, mama na mwana, kwa kuwa ndio aliouchagua kabla ya kuanza kutazama.

Isecheno inaleta picha tofauti. Kituo hicho cha msitu kimo katika nchi ya Waisukha, kwenye msitu wa mvua wa Kakamega. Tangu mwaka 1979 Marina Cords, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, amewafuatilia kima wa msitu huo, na sasa kizazi kwa kizazi kimeandikwa katika daftari za utafiti. Kima majike hubaki maisha yao yote katika kundi walimozaliwa, pamoja na mama, dada na shangazi zao. Madume huondoka wanapobalehe. Kwa kawaida kundi huwa na dume mmoja mkazi, ingawa katika msimu wa kujamiiana madume wageni wanaweza kumiminika. Mtoto wa kima haachwi mikononi mwa mama peke yake. Majike wachanga ambao bado hawajazaa humbeba, humshika na kumchezesha, na mama huruhusu.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa mada ya mapenzi. Katika maisha ya kima wa Isecheno, uhusiano unaodumu hauko baina ya jike na dume. Dume huja na kwenda. Uhusiano wa miaka mingi ni wa majike kwa majike, wanaokaa pamoja na kuchambuana manyoya. Nicole Thompson na Marina Cords, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walionyesha kwamba majike waliokuwa na wenzi wa karibu wale wale kwa miaka walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa. Waliokuwa na ukaribu mkubwa usiodumu, ambao wenzi wao walibadilikabadilika, hatari yao iliongezeka. Kwa maneno mengine, nguvu ya ukaribu peke yake haikuwa kinga. Kilichokuwa kinga ni ukaribu pamoja na udumifu.

Tahadhari inahitajika hapa. Binadamu si kima, na makala haya hayapendekezi kwamba mapenzi ya Waisukha yasomwe kwa kutazama juu ya miti. Hoja ni ya kimantiki. Ikiwa tumbili mmoja anaweza kutumiwa kuthibitisha kwamba asili ya mapenzi ni uhusiano wa wawili, tumbili mwingine anaweza kutumiwa kuthibitisha kwamba asili hiyo ni mtandao wa wengi. Mwanaanthropolojia Sarah Hrdy, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu akina mama na wasaidizi wao, alitoa hoja inayokaribiana na hii: binadamu ni kiumbe ambaye watoto wake wamelelewa na wengi tangu kale. Asili, basi, haiwezi kuitwa kuwa shahidi wa upande mmoja.

4.0 Figa la Pili: Mtoto wa Kiganda na Jirani Zake

Ni jambo la kushangaza kwamba nadharia inayoonekana ya Kizungu kabisa ilipata ushahidi wake wa kwanza wa nyumbani katika vijiji vya karibu na Kampala. Mary Ainsworth alianza kazi hiyo mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, akaketi katika vyumba vya wageni, akazungumza na akina mama kwa msaada wa mkalimani, na kutazama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Humo aliona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo: hutambaa mbali naye kuchungulia dunia, kisha hurudi. Aliona pia kwamba watoto wengi waliambatana na watu wengine wa nyumbani.

Baadaye, huko Baltimore, Ainsworth alibuni jaribio maarufu liitwalo Hali ya Ugeni. Mtoto na mama huingizwa katika chumba wasichokijua. Mama hutoka na kurudi, na mgeni huingia, yote hayo kwa muda wa dakika kama 20. Jinsi mtoto anavyompokea mama anaporejea ndiko kunakoamua aina ya mwambatano wake. Katika safari hiyo ya kutoka kijiji cha Buganda hadi chumba cha Baltimore, nyumba iliyojaa watu iligeuka kuwa chumba chenye watu watatu, na wa tatu ni mgeni wa kuogopwa. Bibi, dada mkubwa, shangazi na mke mwenza hawakupata kiti.

Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya waliwarudishia viti hivyo. Thomas Weisner alifanya utafiti Kisa, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kakamega kama ilivyo Isecheno. Yeye na Ronald Gallimore walichapisha mwaka 1977 makala yaliyoonyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia, mlezi wa kila siku wa mtoto ni ndugu yake aliyemtangulia kuzaliwa. Nao Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, mwaka 1986, walilibadili jaribio la Ainsworth ili liwafae Wagusii. Waliwapima watoto 26 kwa mama na kwa mtoto mkubwa anayewalea, wakazingatia desturi ya kusalimiana kwa mkono. Asilimia 61 ya watoto walikuwa na mwambatano salama kwa mama. Kwa mlezi mwingine, asilimia 54. Zaidi ya hayo, usalama kwa mama ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto, na usalama kwa mlezi mdogo ulihusiana na ukuaji wa akili. Walezi hao wawili hawakuwa nakala ya mkuu na msaidizi wake. Kila mmoja alimpa mtoto kitu chake.

Haifai, hata hivyo, kuitukuza familia pana kupita kiasi. Kitoto kinachobebwa na dada wa miaka minane kina mlezi, lakini huyo dada ana utoto gani? Tangu Kenya ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, ni vigumu zaidi kutetea kumbakiza mtoto nyumbani ili awalee wadogo zake. Shangazi anaweza kuwa kimbilio, anaweza pia kuwa mtesi. Mikono mingi inaweza kumpokezana mtoto bila hata mmoja kumshika. Funzo la kima wa Isecheno kuhusu udumifu linafaa kukumbukwa hapa: wingi bila udumifu si usalama.

5.0 Figa la Tatu: Msomaji wa Gazeti la Denver

Mapenzi yaliingizwa rasmi katika nadharia hii mwaka 1987, katika makala ya Cindy Hazan na Phillip Shaver. Wawili hao walikuwa wamechapisha hojaji katika gazeti la Rocky Mountain News la Denver, na wasomaji wakatakiwa kueleza mapenzi yao makuu. Kati ya majibu yaliyopokelewa, 620 yalichanganuliwa: wanawake 415 na wanaume 205. Kila msomaji alichagua aya moja kati ya tatu, aya inayomfanana zaidi. Asilimia 56 walijiona salama, 25 wakajiona wakwepaji na 19 wenye wasiwasi. Watafiti walifurahia kuona kwamba viwango hivyo vinakaribiana na vile vya watoto wachanga wa Marekani.

Mhakiki wa fasihi anayo haki ya kulitazama zoezi hili kama msomaji wa matini. Aya tatu zile ni michoro mitatu ya wahusika, na kila mchoro umesimuliwa na mtu asiye na kijiji, kazi, ukoo wala mahari. Wahusika wa namna hiyo, katika istilahi za uhakiki, huitwa bapa. Aliyejibu alitakiwa kujisawiri kama mhusika bapa, na akatii. Aidha, kumbukumbu ya utoto iliyotolewa na mtu mzima aliyekwishaumizwa na mapenzi si utoto wenyewe. Ni masimulizi, na kila anayefundisha wasifu na tawasifu anajua jinsi masimulizi yanavyopangwa upya ili yaelekee kwenye mwisho unaojulikana.

Ni haki kuongeza kwamba wanasaikolojia wenyewe wameirekebisha kazi hiyo. Mwaka 1998 Kelly Brennan, Catherine Clark na Shaver waliyaacha makundi matatu na kupendekeza mizani miwili, wa wasiwasi na wa kukwepa, ambamo kila mtu ana kiasi chake. Tafiti zilizowafuata watoto kwa miaka mingi nazo zimeonyesha kwamba uhusiano kati ya mwambatano wa utotoni na mapenzi ya ukubwani upo, lakini ni wa wastani. Mwanafunzi anayezitumia aina zile tatu kama mihuri anaiamini nadharia kuliko inavyojiamini yenyewe.

6.0 Nadharia mbele ya Riwaya

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, inaweza kuonekana kama imeandikwa ili kuithibitisha nadharia. Zakaria ni baba mlevi na katili. Anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya Charles. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, kisha shuleni Mwanza na chuoni Morogoro anajitupa kwao mmoja baada ya mwingine. Mwishowe anachumbiwa na Charles, anaachwa, na kujiua. Woga kwanza, kisha pupa, kisha maangamizi: mpango huu unakaribia kuwa mfano wa darasani.

Lakini mfano huo unasahau mama. Regina yupo katika riwaya tangu mwanzo. Anampenda Rosa, anavumilia, anafanya kazi, anahuzunika pamoja na watoto wake. Kwa kigezo cha mlezi mkuu mmoja, Rosa alistahili kuwa salama. Nadharia inaweza kujitetea kwa kusema kwamba baba naye ni mlezi, na utetezi huo ni wa kweli. Ila ukikubaliwa, mlango wa mlezi mmoja umefunguliwa na hauwezi kufungwa tena. Baada ya baba ataulizwa mwalimu, baada ya mwalimu kijiji, na baada ya kijiji desturi inayompima mwanamke kwa ubikira wake na kumwacha mwanamume bila kipimo.

Isitoshe, anguko la Rosa linaharakishwa na upweke wake. Katika hatua zake nzito hana mtu mzima wa kumweleza mambo ya mwili na mapenzi. Pwani kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi. Kwa Waluhya wengi ilikuwa ya bibi, ambaye nyumbani kwake wasichana walilala. Kwa makusudi jamii hazikumwachia mama kazi hiyo, kwa kuwa yapo mambo ambayo mama na binti hawaambiani. Rosa amekoseshwa njia hiyo. Ndiyo maana matumaini yake yote yanaishia kwa mtu mmoja, Charles, na huyo anapoondoka hakuna kilichosalia cha kumshika. Katika sehemu ya mwisho, pale Rosa na baba yake wanapokutana mbele ya hukumu ya Mungu, riwaya inalifanya suala la lawama kuwa kesi. Msomaji anasikia pande zaidi ya moja. Mhakiki anayemaliza kesi hiyo kwa istilahi moja ya utotoni anaifunga kabla ya mwandishi kuifunga.

Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, inaisukuma hoja hatua moja zaidi. Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba. Maimuna ana mama, Tamima, na ana paa, chakula na ulinzi. Yumkini hakuna mhusika wa kike katika riwaya ya Kiswahili aliyezingirwa na ulinzi kuliko yeye. Mama anapofukuzwa, nyumba nzima inaporomoka, kwa sababu haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia upendo. Maimuna anatoroka na kutumbukia katika maisha ya ulevi na kuuza mwili, na hajui jinsi ya kumtofautisha anayemtaka na anayempenda. Tofauti yake na Rosa ni kwamba yeye anainuka tena. Anainuka kwa msaada wa watu wasiomzaa, na hatimaye anaolewa.

Riwaya hizi mbili zikisomwa pamoja zinasema jambo ambalo nadharia ya mwambatano haikutarajia kulisikia. Kumfunga mtu kwenye kimbilio moja, hata liwe la upendo, ni hatari yenyewe. Regina na Tamima si mama wabaya. Kosa liko katika nyumba iliyowafanya wao kuwa kamba pekee, kisha ikaikata.

7.0 Manufaa na Mipaka

Nadharia ya mwambatano isitupwe. Imemsaidia mhakiki kuliona hitaji la kupendwa kama hitaji la kweli, lisilo udhaifu wala upuuzi wa kike, na hilo ni jambo kubwa katika uhakiki ambao kwa muda mrefu umewagawa wahusika wa kike kuwa wema na wapotovu. Imemsaidia pia kueleza kwa nini mhusika aliyeumizwa huirudia njia ile ile iliyomwumiza. Dhana ya taswira ya nafsi na ya wengine inafaa sana katika usawiri wa wahusika.

Mpaka wake uko kwenye swali inaloanza nalo. Nadharia huuliza: mama alikuwa nani, naye alifanya nini? Likiulizwa hivyo katika fasihi yetu, swali hili huishia kumhukumu mwanamke maskini kwa makosa ambayo mengi si yake, na kumwachilia mwenye mamlaka. Swali linalofaa zaidi ni: nani walikuwapo, kila mmoja alileta nini, na nani alibaki? Swali hili linaweza kuulizwa kwa Rosa, kwa Maimuna, kwa mtoto wa Kisa aliyebebwa na dada yake, hata kwa kima wa Isecheno. Halimfuti mama. Linamrudisha mahali pake miongoni mwa wengine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamekagua mafiga matatu ya nadharia ya mwambatano. La kwanza limeonekana kuwa la mnyama aliyechaguliwa kwa upendeleo. La pili lilichongwa Afrika Mashariki, kisha likapunguzwa ili litoshe katika chumba cha majaribio. La tatu ni kundi la masimulizi ya wasomaji wa jiji moja. Chungu bado kinaweza kuinjikwa juu yake, mradi mpishi ajue figa lipi limelegea. Wahenga waliosema kwamba mkono mmoja haulei mwana walikuwa wakizungumzia malezi. Riwaya ya Kiswahili imeonyesha kwamba kauli hiyo inahusu mapenzi pia, na utafiti zaidi wa kazi kama Kiu na Nyota ya Rehema, zote za Mohamed Suleiman Mohamed, unaweza kuipima kauli hiyo kwa wahusika wengine.